Daftari la Dende

Walifika wawili ndani ya kikapu cha mama,
kutoka Kabare, mvua ya mwezi wa kumi na moja:
dume wa rangi ya kahawa,
jike mweupe mwenye doa kwenye jicho.
Vitabu vinawaita simbilisi. Huku Cimpunda
tunasema dende, na kila mtu anaelewa,
hata paka.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na watu tisa.
Dende wakapewa jiko, chini ya meza, nyuma ya gunia la makaa,
mahali pekee ambapo hapakulala mtu.
Mdogo wangu Cikuru akageuza daftari la shule,
akaanzia nyuma:
2.

Siku sitini na nane, au karibu na hapo.
Wakazaliwa watatu, macho wazi, manyoya tayari,
kabla uji haujapoa wanakimbia kama waliochelewa kengele.
5. Kisha 9. Pasaka, 16.
Mama akacheka, mara ya kwanza
tangu baba aende Kamituga kuchimba.
Akahesabu kwa vidole: ada, viatu,
mabati mawili ya upande unaovuja.
Cikuru akachora mstari,
ukapanda kama ngazi za Kadutu, bila pumziko.
"Noeli watafika mia tatu," akasema.
"Mwaka wa tatu Bukavu nzima itakuwa yao,
sisi tutalala chini ya meza."

Sikumbishia. Hesabu ilikuwa sahihi.
Ilisahau majani tu.

Maana dende kumi na sita ni gunia kwa siku,
na gunia lilikuwa mgongo wangu.
Kila jioni niliteremka korongoni na kisu.
Ng'ambo, binti wa kina Mushagalusa alikata pia;
naye alikuwa na dende wake, na mdogo wake, na daftari lake labda.
Zamani tulisalimiana.
Sasa tulipimana magunia kwa macho.
Mwezi wa sita mvua ikafunga.
Majani yakawa mafupi kuliko kisu.

34.

Hapo ndipo mambo yalipoanza, kimyakimya.
Yule mwenye doa akazaa mmoja.
Madume wakaumana masikio usiku kucha.
Kikohozi kikapita chini ya meza
na asubuhi Cikuru akafuta 34, akaandika 27,
akisugua hadi raba ikatoboa karatasi.
Paka wa jirani akajua njia ya dirishani.
Na siku ya mgeni mama aliinjika maji
bila kumtazama yeyote kati yetu.

Niliutafuta ukuta uliowazuia,
nikapapasa gizani chini ya meza.
Niligusa mbavu.

Mvua iliporudi, mteremko tulioukata ukashuka.
Hakufa mtu. Mpera mmoja ulikwenda,
na choo cha kina Mushagalusa
kiliondoka kizima, mlango umefungwa kwa kufuli.
Kesho yake mama alipanda matete ukingoni,
akanionyesha kwa kiganja: usikate chini ya goti.
Binti wa ng'ambo alikuwa akipanda pia.
Alinitupia mche mmoja. Ulianguka katikati.

Siku hizi mstari wa Cikuru hauendi kokote.
38, 41, 36, 39.
"Umekuwa mvivu," analalamika,
"unatikisika tu kama ziwa ukiliangalia kutoka kwetu."
Bati moja limenunuliwa. La pili, tutaona.

Baba amerudi. Jana usiku, nyuma ya pazia,
niliwasikia yeye na mama wakihesabu kwa sauti ya chini,
wakisimama, wakianza upya,
na haikuwa hesabu ya dende.

Alfajiri nimewasha moto.
Kuna mmoja mpya, bado ana unyevu,
anakuja mbio moja kwa moja hadi kwenye miguu yangu.
Daftari liko juu ya kabati.
Bado sijamwamsha Cikuru.